Konzi Moja kwa Gunia

Mimi nashona magunia, soko la Kibaigwa.
Sindano yangu ndefu kuliko kidole cha shahada,
kamba ya katani, mishono kumi na miwili,
gunia likifumba mdomo nahamia jingine.
Pumba zimenipa mvi kabla ya miaka.

Leo nimekuja na daftari.
Msikimbie. Si harusi.

Najua mnavyolijua daftari la mchango:
la kipaimara, la sare za kamati, la jeneza.
Mwaka juzi nilipita nalo hapa hapa,
jina la Sechelela juu, kwa wino mwekundu,
mkatoa. Chiwanga, wewe ulitoa hata nauli,
ukarudi Mtanana kwa miguu.
Imeandikwa.

Kwanza ilikuwa picha.
Siku ya ubatizo, simu ya shemeji, mwanga ukapiga:
jicho moja jeusi, jingine jeupe
kama la paka aliye uvunguni.
Tukacheka. Mungu atusamehe, tulicheka.
Bibi yake akasema, hicho ni kijicho.
Jirani naye, kijicho.
Miezi minane tulimsaka mwenye kijicho,
na kijicho chenyewe kiko pale, usoni kwa mtoto,
kinakua.

Dodoma mjini wakampandisha kwenye mizani.
Mimi mtu wa mizani, nilisoma kabla ya nesi:
kilo kumi na moja. Wiki ya sita, tisa na nusu.
Nimewaona madalali wakiiba kilo kwa kidole cha mguu;
aliyekuwa akiiba hizi sikumwona.
Akaniuliza, baba, hiyo sindano ndiyo ya magunia?
Nikamwambia, hii ni mtoto wake.
Akanyoosha mkono.
"Basi isije ikalia."

Daktari, binti mdogo tu, kucha fupi, alinikalisha.
Akasema, mngewahi.
Akasema, hata hiki kidogo tunachokijua
tunakijua kwa watoto ambao wazazi wao walikubali
tuwaandike usiku na mchana,
kilichosaidia, na kilichoshindwa.
Nikauliza, watoto wa nani?
Akasema, majina hatukuambiwa.

Sechelela tumemzika, mnajua, ninyi ndio mlichimba.
Na jana tajiri Mbijima kaniuliza mbele za watu,
bila ubaya, akifuta jasho:
"Mtoto ulishazika. Sasa unamchangishia nani?"

Nilikosa jibu. Nilishona magunia manne nikilitafuta.

Mbijima, kabla hujawa tajiri,
mwaka ule wa njaa, hukula mbegu.
Mtama ulining'inia juu ya moshi wa jiko,
watoto wanalia, wewe unaulinda kama mwizi
hadi mvua ya Desemba.
Ulikuwa unamwekea nani?

Utafiti ndio huo. Si mtu, si ofisi ya kodi.
Ni ungo. Ni mtu kuinama kutwa nzima
apepete, atenge, akosee, amwage, aanze upya,
mpaka ajue lipi jiwe na ipi punje.
Huenda nisione hata kikombe cha unga wake.

Sitaki laki. Lumbesa mnaijua,
kile kilima cha juu ya gunia mnachomwibia mkulima
na mimi nakishona, nanyamaza, nalipwa.
Toeni konzi moja pale juu.
Konzi ya kiganja, Chiwanga, si ya kichwani.
Nitaiuza mchana, jioni naipeleka mjini kwa yule binti,
risiti nabandika hapa ukutani, penye bei ya mahindi.

Juu ya ukurasa, mahali pa jina la mgonjwa,
sijaandika kitu.
Simjui. Labda yuko Mlali,
labda mama yake bado anatapika asubuhi,
au labda ni leo hii, mahali fulani, amevalishwa gauni,
na mjomba anamnyooshea simu,
anamwambia, tazama huku.